Mama Kiende Ameenda Kuona Nairobi

Msimu ule wa kuvuna viazi, mtu yeyote aliyepita kwa Gitobu pale Kibirichia akauliza mke wake yuko wapi alijibiwa vile vile: Mama Kiende ameenda kuona Nairobi. Gitobu alilisema hilo akiwa ameinama shambani, bila kuacha jembe. Mtu akionekana kutaka kuuliza zaidi, alijipangusa mikono kwenye suruali na kutoa simu. Ndani ya simu mlikuwa na picha. Mke wake, Celina, mbele ya jengo refu la mikutano. Celina kwenye jumba la makumbusho, tembo nyuma yake. Celina kwenye bustani ya miti, ameketi kwenye benchi, kiondo mapajani.

Watu wa Kibirichia si watu wa starehe wakati viazi viko chini, kwa hiyo picha zile ziliwakera kidogo. Mwanamke gani anaacha viazi mchangani akatazame tembo aliyekufa zamani? Murungi, jirani yao ambaye pia ndiye dalali aliyewatafutia wanunuzi, hakuficha maoni yake. Alizitazama picha zote, akarudisha simu, akasema yeye angekuwa na mke wa kutalii namna hiyo angemnunulia kofia na miwani ya jua. Wapakiaji wa magunia wakacheka. Gitobu naye akacheka, kwa sababu ndivyo alivyoagizwa.

Aliyemwagiza ni Celina mwenyewe. Alikuwa amepatikana na uvimbe kwenye titi, ukatolewa Meru, halafu madaktari wakamwambia aende Nairobi kuchomwa na mashine ya mionzi kila siku ya kazi kwa wiki sita. Celina aliikubali mashine lakini hakukubali tangazo. Rafiki yake Karwirwa alipougua ugonjwa huo huo, kanisa lilitangaza kwa nia njema kabisa, na watu wakaanza kumiminika. Walileta unga na sukari, wakaketi, wakamtazama. Kufikia mwisho walikuwa wanamzungumzia Karwirwa jinsi alivyokuwa mtu mzuri, na Karwirwa yuko pale pale kwenye kiti, anawasikia. Celina aliyaona yote hayo kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akiwapikia chai.

"Mimi sitaki kuja kuangaliwa," alimwambia Gitobu. "Waambie nimeenda kutembea. Nikipona nitasema mwenyewe. Nisipopona, si watajua tu."

Gitobu alikuwa mtu wa kutii mambo madogo na kubisha makubwa. Hili hakujua ni dogo au ni kubwa, kwa hiyo akatii.

Shida ilikuwa malazi. Bweni la wagonjwa lilikuwa limejaa, na ukoo wao wote haukuwa na mtu Nairobi isipokuwa Kiende, binti yao, aliyekuwa akipika kwenye hoteli ndogo ya chai na chapati. Kiende aliolewa na Ndambiri, kijana wa Manyatta kule Embu, mtu mpole asiye na maneno mengi. Waliishi chumba kimoja. Kitanda kilikuwa hapa, jiko hapa, na mlango hapo, na aliyesimama katikati aliweza kuvigusa vyote bila kusogea.

Sasa kwa Wameru, na kwa Waembu pia, mama na mkwe wake huheshimiana kwa kukaa mbali. Hawali wakitazamana. Wakikutana njiani, mmoja hupisha. Mama hakanyagi mahali mkwe wake anapolala, sembuse kulala hapo. Vijana wa mjini wanaweza kuyacheka haya, lakini Celina hakuwa wa mjini, na Ndambiri, ingawa aliishi mjini, alikuwa amelelewa na nyanya yake. Celina alimwambia Kiende kwenye simu kwamba atakuja ikiwa tu hakuna mtu anayefukuzwa kwake kwa ajili yake. Akisikia mkwe wake ametolewa nyumbani, atapanda gari arudi Kibirichia siku hiyo hiyo, uvimbe au hakuna uvimbe.

Kiende alikaa na jambo hilo siku mbili, hajui atokee wapi. Siku ya tatu Ndambiri akaja na habari njema. Yeye alifanya kazi Kijiji cha Mila, ile bustani yenye nyumba za kienyeji za makabila mbalimbali, ambako wageni huja kuona jinsi watu walivyoishi zamani. Alikuwa wa kuwazungusha wageni upande wa Wameru na Waembu. Lakini sasa, alisema, amehamishiwa zamu ya usiku, awe mlinzi. Atakuwa anatoka jioni na kurudi asubuhi kulala. Kwa hiyo usiku kitanda ni cha mama.

Kiende alimshukuru Mungu, akampigia mama yake. Celina alifikiri kidogo, akasema ni sawa. Ikiwa mwanamume yuko kazini, hajafukuzwa na mtu.

*

Hivyo ndivyo Celina alivyoanza kuiona Nairobi.

Asubuhi na mapema alitoka na Kiende kabla Ndambiri hajarudi, maana haingewezekana mkwe amkute ndani. Walikwenda hospitali, wakapanga foleni. Mashine yenyewe haikuchukua muda na haikuuma. Kilichouma kilikuja baadaye. Ngozi ya chini ya kwapa iliiva ikawa kama iliyomwagikiwa uji wa moto, na uchovu ukamwingia ambao hakuwahi kuujua hata siku za kubeba magunia. Akitoka hapo, mtu wa kawaida angeenda kulala. Lakini saa hizo ndizo mkwe wake alikuwa amelala, kavua shati, ametoka kukesha. Celina angeenda wapi?

Alienda kutalii. Kiende alikuwa na muda mfupi kabla ya zamu yake hotelini, akawa anamwacha mama yake mahali penye kiti na watu wastaarabu, kisha anamfuata jioni. Kabla ya kumwacha alimpiga picha ya kumtumia baba. Celina alikaa kwenye jumba la makumbusho, akamtazama yule tembo mpaka wakazoeana. Alikaa kwenye nyumba ya nyoka, ambako kulikuwa na joto zuri na nyoka hawakumsumbua kwa maswali. Alikaa kwenye bustani ya miti, wapenzi wakamwachia benchi kwa aibu. Kwenye bustani moja ya mjini alisinzia, mlinzi akamgusa bega kwa rungu na kumwambia kulala hairuhusiwi, mama, utalala kwenu. Celina akaomba msamaha. Tangu siku hiyo alijifunza kusinzia akiwa wima, kitambaa kimeshushwa machoni, kiondo amekikumbatia.

Wiki ya maonyesho ya kilimo alipelekwa huko, kwa sababu kulikuwa na mahema yenye viti. Kwenye hema moja alikuta viazi. Vilikuwa vimeoshwa, vimepangwa juu ya kitambaa cheupe, na kijana mwenye tai alikuwa anawaeleza watu kwamba hivi vinatoka nyanda za juu za Meru. Celina alivitazama kwa muda mrefu. Alikumbuka kwamba vya kwake viko chini na Gitobu anavuna peke yake, na Gitobu hajui kuchagua mbegu, huchanganya. Picha ya siku hiyo ndiyo iliyochekwa zaidi Kibirichia. Murungi alisema Mama Kiende ameenda mpaka Nairobi kutazama waru, viazi vile vile alivyoviacha shambani.

Jioni, chumbani, Kiende alimsifu mume wake. "Huyu mtu ni wa ajabu, mum. Anaamka, anatandika kitanda, anaacha kila kitu vile nilikuwa nimeweka. Hata huwezi jua kuna mtu alilala hapa."

Celina akasema kweli, huyo ni mtu mwenye heshima. Moyoni alimwonea huruma kijana wa watu, kukesha usiku kucha na kula kazini siku zote, hata nguo safi anazifuata hotelini kwa Kiende. Na kila alipomwonea huruma ndivyo alivyozidi kujikaza kwenye benchi, asije akarudi mapema akamkatiza usingizi.

Ukweli ni kwamba hakukuwa na usingizi wa kukatizwa. Ndambiri hakuwahi kuhamishiwa zamu yoyote. Mchana kutwa alikuwa akiwazungusha wageni kama kawaida, na usiku alilala huko huko kijijini, ndani ya nyumba ya maonyesho, kwa ruhusa ya mlinzi. Alimdanganya mke wake ili mke asimwambie mama, na mama asirudi Kibirichia. Mchana hakuthubutu kukaribia nyumbani, kwa sababu aliamini mama mkwe wake yuko huko, ametoka kuchomwa, amejipumzisha.

Kwa hiyo mama alizurura kumpisha mkwe, mkwe akalala nje kumpisha mama, na chumba chenyewe, kodi imelipwa na kitanda kimetandikwa, kikakaa tupu kila siku kutwa, kufuli mlangoni. Mtu mmoja angeuliza swali moja, mambo yangekwisha. Lakini ni nani angemwuliza mama kuhusu kitanda cha mkwe wake?

*

Wiki ya nne mvua ikaanza. Siku ya Alhamisi, wakiwa kwenye foleni ya hospitali, Celina alimwambia Kiende kwamba Jumamosi anarudi nyumbani.

Kiende alidhani hakusikia vizuri. Akamwuliza ni nani anaacha dawa katikati, na daktari alisema wazi kwamba ukiikatiza ni kazi bure. Celina akamjibu kwamba hakatai daktari. Amechoka. Hana mahali pa kuweka mwili wake. Kiende alimtazama na kuona kwamba mama yake, aliyemjua tangu azaliwe kama mwanamke wa kubeba kuni huku anaimba, sasa anashika ukuta ili asimame. Akaogopa. Akalia pale pale mbele ya watu, na Celina hakuwa na nguvu ya kumbembeleza.

Walipotoka mvua ilikuwa ikinyesha kweli kweli. Mabenchi yote ya Nairobi yalikuwa yamelowa. Ndipo Kiende akakumbuka Kijiji cha Mila. Kule kuna nyumba zenye paa na kuingia hawatatozwa, kwa kuwa yeye ni mke wa mfanyakazi. Na Ndambiri hawezi kukutana na mama, maana saa hizo amelala nyumbani. Mlinzi wa langoni aliposikia jina la Ndambiri aliwafungulia bila neno. Kiende akamwelekeza mama yake upande wa Wameru, akakimbilia kazini akiwa amechelewa. Siku hiyo hakupiga picha.

Nyumba ya Kimeru ilikuwa ya mviringo, ya udongo na nyasi, na ndani mlikuwa na giza na harufu ya moshi. Celina aliinama akaingia. Aliona vibuyu, mawe matatu ya jiko, na nyuma ya kiambaza kitanda cha fito kilichotandikwa ngozi ya ng'ombe. Alisimama kidogo akisikiliza kama kuna mlinzi mwenye rungu. Kisha akafanya jambo ambalo hakulifanya kwa wiki nne. Alilala mchana, miguu juu, kama mtu mgonjwa.

Alizinduliwa na sauti za watu nje. Kabla hajainuka, macho yake yaliona kitu kando ya uso wake, kimejitokeza chini ya ngozi. Ilikuwa blanketi ya buluu yenye mstari mwekundu, na pembe yake imeshonwa kwa uzi wa kijani. Uzi ule aliushona yeye. Blanketi ile aliinunua Meru mjini na kumpa Kiende siku alipoolewa. Akatazama chini ya kitanda. Palikuwa na kikombe chenye mswaki, na viatu vya mwanamume vya kazi.

Alikuwa amelala kwenye kitanda cha mkwe wake.

Na hapo mlangoni sauti ya mkwe huyo huyo ilikuwa ikisema, kwa Kiswahili chake cha kupokea wageni, polepole: "Hii ilikuwa nyumba ya mama mwenye boma. Mkwe wake hakuruhusiwa kabisa kuingia mpaka hapa ndani. Ilikuwa ni heshima. Karibuni muone."

Wageni wakaingia wakiwa wameinama, simu mkononi. Walipomwona Celina ameketi kwenye kitanda cha fito, kitambaa kimeteleza, kiondo kifuani, walifurahi sana. Mwanamke mmoja akasema ni vizuri wameweka mtu halisi. Picha zikapigwa. Kijana mmoja akamwomba ageuke kidogo upande wa mwanga, na Celina, ambaye kwa wiki nne alikuwa amezoea kuambiwa na watu wa Nairobi akae vipi, akageuka. Yule mwanamke akamwekea noti mapajani.

Ndambiri aliingia mwisho. Alimwona, akageuka papo hapo akatazama ukuta. Wageni walidhani ni sehemu ya maonyesho.

"Huyu hayuko kwa maonyesho," alisema akiwa bado ametazama ukuta. "Huyu ni mzazi wangu. Ni mgonjwa. Naomba mtoke."

Wakatoka. Wawili waliomba radhi, wengine walinung'unika kwamba wamelipa kiingilio.

*

Walizungumza kupitia ukutani. Ndambiri alisimama nje, mgongo mlangoni, mvua inamwagikia. Celina alibaki ndani.

"Ndambiri."

"Naam, mama."

"Unalala hapa?"

"Hapa ndio nalala. Ile ya Waembu inavuja."

"Na mchana?"

"Mchana niko kazi. Si hii."

"Sasa kule kwa nyumba mchana kuna nani?"

"Si ni wewe, mama?" Ndambiri akasema.

Celina aliwafikiria yule tembo na wale nyoka. Alifikiria rungu la yule mlinzi begani mwake, upande ule ule uliochomwa. Aliona aibu ya kitanda, kubwa, ya kutaka kuzikwa. Halafu akakasirika, na hakujua amkasirikie nani, maana kila mmoja alikuwa ametenda mema. Mwisho wa yote uchovu ukarudi, nao ulikuwa mkubwa kuliko aibu na hasira zikiwekwa pamoja.

"Sasa mimi nimelala kwa kitanda yako," akasema. "Hiyo imeshaharibika. Haiwezi kuharibika mara mbili. Leo jioni wewe uje ulale kwako, na mimi nilale hapo hapo. Kiende atafunga shuka katikati."

"Mama, hiyo maneno ikifika nyumbani watasema."

"Wenye kusema hawachomwi," Celina akajibu.

Ndambiri alivua koti lake la kazi, akalinyoosha ndani kupitia mlangoni bila kutazama, ajifunike asilowe wakitoka. Celina akalipokea. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kupokea kitu mkononi mwa mkwe wake.

*

Shuka likafungwa katikati ya chumba. Celina alilala kitandani, Kiende na mumewe kwenye godoro upande wa jiko. Siku za kwanza Ndambiri alikuwa akisema na mama mkwe wake kupitia kwa mkewe, ingawa kati yao hapakuwa na hata hatua mbili. "Kiende, mwambie mama chai iko tayari." Naye Celina: "Kiende, mwambie nimesikia, asante." Kiende aliwatumikia kwa wiki nzima kisha akawaambia amechoka kuwa simu yao, wasemezane wenyewe.

Hakuna aliyezungumza tena habari ya Jumamosi. Akitoka kwenye mashine Celina alirudi chumbani, akafungua kufuli, akalala mpaka jioni. Ngozi ilizidi kuiva na chakula hakikupanda, lakini mwili ulikuwa na mahali pake. Mama yake Ndambiri alituma ndizi na njahi, yale maharagwe meusi, kutoka Manyatta, na salamu kwamba amesikia, na kwamba naye angefanya vivyo hivyo.

Tatizo likawa picha. Gitobu alipiga simu akauliza mbona siku nyingi hajaletewa, watu wameanza kuuliza. Kiende alisema watoke Jumapili, japo hatua chache, apigwe moja penye maua.

"Nipige hapa," Celina akasema.

Kiende akatazama chumba. Kitanda, shuka, koti la Ndambiri kwenye msumari, viatu vyake chini. "Mum, wakiona hii watajua."

"Wajue. Mimi siwezi kwenda kutembea tena."

Kiende akapiga, akatuma.

Picha ilimkuta Gitobu barabarani, anapakia viazi na Murungi na wale vijana wa magunia. Simu ililia, Murungi akanyoosha mkono kama ilivyokuwa desturi yake, akiuliza leo Mama Kiende ametembelea simba au ndege. Gitobu hakuwa ameitazama bado. Akampa.

Murungi aliitazama. Akaikuza kwa vidole viwili, akaona koti, akaona viatu. Wengine wakasogea wakachungulia juu ya bega lake.

"Hapa ni wapi?" akauliza.

Gitobu akachukua simu, akaona. Angeweza kusema ni lojing'i, chumba cha kulala wageni. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini alimtazama mke wake kwenye kile kitanda, macho yamezama, mkono mmoja ameuinua kidogo ili ubavu usigusane na nguo, na akashindwa.

"Ni kwa Kiende."

"Kwa Ndambiri?"

"Kwa Ndambiri."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mama wa Kimeru hawezi kuonekana kwenye kitanda cha mkwe wake kwa sababu ya matembezi. Vijana wakarudi kwenye magunia polepole. Murungi alisimama, anafuta tope kwenye kiganja chake ingawa kiganja kilikuwa kisafi.

"Amebakisha siku nyingi hospitali?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Wiki moja hivi."

"Na hakutaka tujue."

"Hakutaka."

Murungi akatikisa kichwa. Hakusema pole, na Gitobu alimshukuru kwa hilo, maana angeisikia angelia mbele ya vijana. Murungi aliinama, akashika upande mmoja wa gunia, Gitobu akashika wa pili, wakalipandisha.

Lori lilipokaribia kujaa, mwanamke mmoja wa kanisani alipita barabarani, mwavuli kwapani. Akasimama, akasalimia, akauliza kwa sauti ya kusikika na wote kwamba Celina ataonekana lini, au Nairobi imempendeza akasahau mume. Gitobu akafungua mdomo, lakini Murungi alikuwa amemtangulia.

"Mama Kiende ameenda kuona Nairobi," Murungi akasema. "Muache aone."

Kati ya wapakiaji hakuna aliyecheka. Wakainama wakachukua gunia lingine.